Danfo, BRT, treni au boti: upande nini ukiwa peke yako Lagos?

Siku yangu ya tatu Lagos nilipanda danfo, daladala ya huko, pale Oshodi nikiamini itapita Yaba, nilikokuwa nimepanga chumba. Konda alikuwa anaita Obalende, upande wa kisiwani, ng'ambo ya maji. Kwenye ramani ya simu nilishaona kwamba ukitoka Oshodi kwenda Obalende Yaba iko katikati, nikajipa moyo kwamba lazima tutapita. Hatukupita. Gari lilikata kuelekea Gbagada, likaibukia Oworonshoki, na nilipokuja kushtuka tulikuwa juu ya Third Mainland Bridge, maji huku na huku. Daraja lile lina urefu wa karibu kilomita 11.8. Kuna mchepuko wa kuteremkia upande wa Adekunle, ambao ungenifaa sana, lakini gari letu lilikuwa la moja kwa moja na mimi sikujua hata kuomba. Upande wa kulia nyumba za Makoko zilikuwa zimesimama juu ya nguzo ndani ya maji, moshi unapanda, na nyuma yake kabisa ndiyo Yaba yangu, naiona inapita.

Nilipomweleza konda hakunicheka. "Anti, why you no talk?" Mbona hukusema?

Tangu siku hiyo nimeacha kuuliza usafiri upi ni rahisi na upi ni wa haraka. Lagos hujui cha haraka mpaka umefika, na cha rahisi hubadilika kati ya asubuhi na jioni. Ninachouliza ni hiki: nikikosea, kurudi kutanigharimu nini? Mwenyeji akikosea anapiga simu kwa shemeji yake aliye karibu, au anajua njia ya mkato. Wewe uliye peke yako, na begi mgongoni na lafudhi inayokuuza kabla hujamaliza sentensi, kosa lako unalibeba mwenyewe. Kwa hiyo hapa nazilinganisha njia zote za usafiri wa umma nilizotumia katika safari mbili za kwenda kununua vitambaa, na kipimo changu kikuu ni hicho.

Nauli sitaziandika. Mei 2023, siku ile ile rais mpya alipoapishwa, alitangaza kwamba ruzuku ya mafuta imekwisha, na bei ya petroli ikaruka zaidi ya maradufu ndani ya siku chache. Nauli zikafuata, na hazijatulia tangu hapo. Namba yoyote nikikuandikia leo itakugombanisha na konda kesho. Muulize abiria aliyekaa jirani kabla konda hajakufikia. Wa Lagos watakwambia bila hiyana, na mara nyingi watakusaidia kubishana.

DANFO

Kwa aliyekulia kwenye vipanya vya Dar, danfo haihitaji utangulizi mrefu. Ni basi dogo la njano lenye mistari miwili myeusi ubavuni, mengi yakiwa Volkswagen za miaka mingi, viti vimechomelewa upya ili kila safu ibane watu wanne, na mlango wa kuvuta ambao mara nyingi haufungi, au umefungwa kwa kamba, au konda mwenyewe ndiye mlango. Kuna na ndugu yake mdogo anayeitwa korope, kigari kifupi cha abiria wachache, kinachopita njia za ndani.

Sifa yake kubwa ni kwamba inafika kila mahali. Hakuna pembe ya Lagos isiyo na danfo, na karibu hakuna saa ambayo utaikosa kabisa. Hakuna kadi, hakuna programu, hakuna kujisajili. Unasikiliza, unapanda.

Tatizo ni huko kusikiliza. Makonda hawaiti njia watakayopita, wanaita mwisho wa safari: "Obalende! CMS! Oshodi-Oshodi-Oshodi!" Danfo mbili zinazoita jina moja zinaweza kupita barabara mbili tofauti, kutegemea foleni ya siku hiyo na hofu ya dereva kwa askari wa LASTMA, ambao ni wasimamizi wa barabara wa serikali ya jimbo. Kwa hiyo usiulize "Inakwenda wapi?" Uliza "Inapita wapi?" na utaje kituo chako kabla mguu haujaingia ndani. Ndilo kosa langu la Oshodi. Swali moja lingeniokolea saa mbili.

Halafu kuna chenji. Kabla hujapanda utasikia konda anapaza sauti, "Enter with your change o!" yaani ingia na hela iliyokwisha kuvunjwa. Usidhani ni mkwara. Ukimpa noti kubwa hatakushusha, ila atakuoanisha. Mimi nilioanishwa na mama mmoja aliyebeba pilipili kwenye beseni. Nilitoa naira elfu moja, naye alikuwa ametoa elfu moja, tunashuka wote Ojuelegba. Konda akatupa noti moja ya elfu moja: mia sita zangu, mia nne zake, mkagawane wenyewe huko chini. Gari likaondoka. Tukabaki tumesimama kando ya barabara, watu wawili tusiojuana tunaomiliki noti moja. Muuza maji ya pakiti alikataa kuivunja. Muuza kadi za simu naye akakataa. Mwishowe mama akaninunulia hindi la kuchoma kwa fedha yetu ya pamoja, akanihesabia changu mpaka mwisho, akaniuliza kwetu ni wapi. Nilipomwambia Tanzania akasema, "Ah, far!" akajitwika beseni akaenda zake. Nalikumbuka hindi lile kwa mapenzi, lakini kama ningekuwa nawahi miadi nisingelikumbuka hivyo. Kila jioni sasa navunja hela dukani na kuipanga mfuko wa kushoto, noti ndogo juu.

Wapiga debe wapo, wanaitwa agbero, ila usiwafananishe sana na wa kwetu. Wetu hulipwa kwa kuita abiria. Agbero hulipwa kwa kuwepo tu: anasimama kituoni, anadai chake kwa kila gari, na dereva akichelewa kutoa anaweza kung'ang'ania kioo au kuning'inia mlangoni. Ugomvi huo haukuhusu. Kaa, tazama mbele, ushike begi.

La kukuhusu ni lile wanaloliita "one chance". Jina limetokana na wito wa kawaida wa konda kwamba imebaki nafasi moja. Unaingia gari ambalo abiria wote ni genge moja, na unashushwa mbele ya safari bila simu wala fedha, ikiwa una bahati. Mitego hiyo hupenda asubuhi na mapema, usiku, na kando ya barabara mahali pasipo kituo. Dawa yake si kuacha danfo. Pandia gereji, yaani stendi yenyewe, gari linapojaa mbele ya macho yako, mama mwenye mtoto huku, mwanafunzi kule. Gari linalopunguza mwendo ili kukuchukua wewe tu, liache liende. Na ukikaa dirishani kwenye foleni, simu iwe mfukoni. Mkono unaoingia dirishani unakuwa umeshatoka kabla hujageuza shingo.

Kushuka: sema "Owa!" kwa sauti, kidogo kabla ya kituo. Ni Kiyoruba, maana yake kuna anayeshuka. Ukiitamka kwa aibu utapitishwa.

BRT

Mabasi ya BRT ya Lagos yalianza Machi 2008, miaka minane kabla ya mwendokasi ya Dar, katika njia ya Mile 12 hadi CMS kisiwani, kama kilomita 22. Mwaka 2015 njia ikasogezwa mpaka Ikorodu, na 2020 ikaongezwa nyingine ya Oshodi hadi Abule Egba. Msimamizi wake ni LAMATA, mamlaka ya usafiri ya jimbo iliyoundwa mwaka 2002.

Kwa kipimo changu BRT inaishinda danfo kwa mbali. Njia haibadiliki, vituo vina majina, na ukipitiliza unashuka kinachofuata, unavuka daraja la waenda kwa miguu, unarudi. Hakuna kubishana nauli kwa sababu hakuna fedha taslimu: unagusa kadi ya Cowry ukipanda, inakatwa. Nikiwa mwanamke peke yangu na marundo ya vitambaa, nimesinzia ndani ya BRT. Ndani ya danfo sijawahi kufumba jicho.

Kadi hiyo inunue siku ya kwanza, hata kama unadhani utapanda danfo tu. Ni hiyo hiyo inayotumika kwenye treni na kwenye boti za serikali. Jina lake lilinifurahisha. Cowry ni kauri, ganda la pwani ambalo kwa karne nyingi lilikuwa fedha ya Afrika Magharibi, na sehemu ya kauri hizo ilitoka kwetu: katikati ya karne ya 19 wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakizisomba Zanzibar kwa meli na kuzipeleka pwani hiyo, Lagos ikiwemo. Mpaka soko likafurika na thamani yake ikaporomoka. Basi ukigusa kadi yako kwenye mashine, kumbuka si mara ya kwanza kwa kauri na mtu wa pwani yetu kukutana Lagos.

BRT inashindwa kwenye foleni, na sisemi ya magari. Asubuhi, katika kituo kimoja cha njia ya Ikorodu ambacho sitakitaja, nilisimama dakika hamsini kwenye mstari uliozunguka jengo. Mabasi matatu yalifika yamejaa, yakapita bila kusimama. Danfo kumi na zaidi zilijaa na kuondoka nikitazama. Ubaridi wa kiyoyozi nao ni bahati nasibu. Na ile njia maalumu haijatenganishwa kikamilifu kila mahali. Zipo sehemu basi linarudi kuchangamana na wenzake, na hapo hadhi yote inakwisha.

Kwa hiyo kati ya hizi mbili, kama uko kwenye mstari wa Ikorodu, Mile 12, Ojota, Maryland hadi CMS, na huna haraka ya kabla ya saa tatu asubuhi, panda BRT. Saa kumi na mbili hadi saa tatu asubuhi, kama umeshaijua njia na una chenji, danfo itakutoa mapema. Kama hujaijua njia, subiri kwenye mstari. Dakika hamsini za kusimama kituoni ni nafuu kuliko saa mbili za kuzunguka kisiwani.

TRENI

Lagos sasa ina treni mbili za mjini, na bado wapo wenyeji wengi ambao hawajazipanda.

Blue Line ilianza kubeba abiria tarehe 4 Septemba 2023, baada ya ujenzi uliochukua zaidi ya miaka kumi. Kipande cha kwanza ni kilomita 13 na vituo vitano, kutoka Mile 2 hadi Marina kisiwani, na mwisho wake inapita juu ya maji kuingia mjini. Chini ya nusu saa unakuwa umefika. Aliyewahi kukaa kwenye foleni ya barabara ya Badagry ataelewa kwa nini abiria wa siku za mwanzo walikuwa wanajirekodi video.

Red Line ni ndefu zaidi: kilomita 27 na vituo vinane, kutoka Agbado kupitia Iju, Agege, Ikeja, Oshodi, Mushin na Yaba hadi Oyingbo. Ilizinduliwa Februari 2024 na abiria wakaanza kuipanda Oktoba mwaka huo. Mabehewa yake yana kisa: yalitengenezwa kwa ajili ya jimbo la Wisconsin, Marekani, wanasiasa wa huko wakaghairi mradi, yakakaa miaka bila kazi mpaka Lagos ilipoyanunua. Vyuma vilivyoandaliwa kwa theluji sasa vinakwenda Agege.

Kwa mgeni peke yake hakuna kinachoishinda treni. Ukikosea unashuka, unavuka kwenda upande wa pili, unarudi. Ndivyo kosa linavyopaswa kuwa katika mji mgeni. Ramani ni mstari mmoja. Kituo kina walinzi, taa na choo. Hakuna anayekuita, hakuna anayekushika mkono.

Ila treni inajua sehemu chache tu za mji. Red Line inaishia Oyingbo, bara, na kuingia kisiwani unahitaji gari jingine. Njia hizi mbili bado hazijaungana. Mpango ni kwamba siku moja zikutane Marina. Lekki, Victoria Island, Ajah, ambako wageni wengi hulala, hakuna reli. Safari za Red Line kwa siku si nyingi, kwa hiyo si kitu cha kufika tu na kupanda. Unapanga siku yako kuizunguka. Mimi nilichagua kulala Yaba safari ya pili kwa sababu ya kituo hicho, na ningekushauri nawe uanzie hapo: chagua kitanda kwa kuangalia reli, halafu ndiyo uangalie bei ya chumba.

KEKE NA OKADA

Keke ni bajaji. Jina lake kamili, keke napep, limetokana na mpango wa serikali wa kupambana na umaskini uliozigawa. Tofauti na bajaji ya kukodi, keke ya Lagos kwa kawaida ina njia yake na inachukua watu watatu nyuma, na mmoja pembeni ya dereva. Ni usafiri wa kumalizia: kutoka kituo cha basi mpaka mlangoni. Ukikosea umekosea mtaa mmoja au miwili. Sina ugomvi nayo.

Okada, yaani bodaboda, ilipata jina kutokana na shirika la ndege, Okada Air, kwa mzaha wa jinsi inavyopaa juu ya foleni. Tangu tarehe 1 Juni 2022 imepigwa marufuku katika wilaya sita za katikati: Eti-Osa, Ikeja, Surulere, Lagos Island, Lagos Mainland na Apapa, baadaye na nyingine zikaongezwa. Pikipiki zilizokamatwa zilisagwa hadharani. Utaziona bado vichochoroni, na kijana atakwambia hakuna shida. Sheria inambana na abiria pia, siyo dereva tu. Mwenyeji anaweza kujieleza kwa askari kwa Kiyoruba. Wewe utajieleza kwa pasipoti. Acha.

BOTI

Huu ndio usafiri ninaoupenda na ninaoupendekeza kwa wachache.

Lagos ni mji wa lagoni, lile ziwa-bahari kubwa linalotenganisha Ikorodu na kisiwa. Kwa barabara mtu wa Ikorodu anazunguka kupitia Mile 12 ndipo ashuke kusini. Kwa boti anakata maji moja kwa moja mpaka Falomo au CMS. Serikali ya jimbo ina shirika lake la boti, LAGFERRY, lililozindua safari zake 2020, na zipo boti ndogo nyingi za watu binafsi. Usifikirie pantoni ya Kigamboni na magari yake na wauza karanga. Hizi nyingi ni boti za mwendo kasi, mnakaa kwa safu, kila mmoja amevaa jaketi la kuokoa maisha, na nahodha hana muda wa mazungumzo.

Asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka, ukatazama kulia ukaona magari yamegandana juu ya Third Mainland kama punje kwenye gunzi, unajisikia umeuibia mji.

Lakini kipimo ni kipimo. Majini hakuna kushuka katikati. Mchana upepo unapanda na boti inaanza kupiga maji kama inapanda ngazi. Kuna miezi ambayo magugumaji yanaziba njia, na injini inalazimika kuzimwa ili yatolewe kwenye rafadha. Watu wa Ziwa Victoria hawahitaji kuelezwa. Usiku safari haziruhusiwi, na anayekupa safari ya usiku anakuonyesha jinsi asivyojali mengine. Kama jaketi walilokupa halina kifungo au limechakaa, omba lingine. Wakikosa, rudi barabarani. Niliwahi kupewa lililoandikwa saizi ya mtoto. Nilicheka, nikalirudisha, nikasubiri boti iliyofuata.

Ipande ikiwa unalala Ikorodu, au ikiwa una asubuhi moja ya bure na unataka kuuona mji kutoka majini. Kama hujui kuogelea na woga unakukaba, hakuna atakayekusifu kwa ushujaa.

GARI LA KUITA KWA SIMU

Si usafiri wa umma, najua, lakini ulinganisho usioutaja ungekuwa unakudanganya, maana kuna saa ambazo ndio pekee unaofaa. Uber, Bolt na inDrive zote zipo. Dereva atakupigia kwanza kuuliza unakwenda wapi na unalipa kwa nini, na jibu la "kadi" linaweza kufuta safari yako papo hapo. Wengi wanataka fedha taslimu au umtumie kwenye akaunti. Mmoja alisimama katikati ya foleni akaniomba niongeze nusu ya nauli kwa sababu foleni ni ndefu, kana kwamba mimi ndiye niliyeileta. Nilikataa kwa upole, tukakaa kimya dakika arobaini.

Faida yake kwa aliye peke yake ni kwamba kuna mtu mwingine anayeweza kujua uliko: unatuma safari kwa ndugu, anaifuatilia kwenye ramani. Hasara yake ni bei, ambayo inapanda wakati ule ule unapoihitaji. Hakikisha namba ya gari inalingana kabla hujafungua mlango, na ukae nyuma.

SASA UCHAGUE

Ukitua uwanja wa ndege wa Murtala Muhammed, ulioko Ikeja, na begi kubwa, na hasa usiku: gari la kuita. Usianze ushujaa siku hiyo. Siku ya pili nenda ukanunue kadi ya Cowry na laini ya simu, ukapande treni kutoka Ikeja hadi Yaba na kurudi bila sababu yoyote, ili tu uone jinsi watu wanavyogusa kadi na wanavyopanga mstari.

Kwenda soko la Balogun kutoka Yaba: danfo ya kuelekea CMS au Idumota, asubuhi baada ya msongamano wa kwanza, mikono mitupu. Umbali si mkubwa na magari ni mengi, kwa hiyo ukikosea kurudi si kazi. Kutoka Balogun na mizigo: gari la kuita, ila toka kwanza kwenye msongamano wa soko mpaka barabara kubwa, kwani ukiliitia ndani ya Balogun mtatafutana mpaka kila mmoja amchukie mwenzake. Danfo na mzigo inawezekana, lakini mzigo utalipiwa kiti, na utaukalia au utakukalia.

Kati ya kisiwa na Mile 2, wala usifikiri mara mbili, panda Blue Line. Kwenda Ajah na Lekki utategemea barabara, iwe danfo, basi au gari la kuita. Hapo hakuna chaguo la kupendeza, kuna la kuvumilika, na mimi huchagua basi la kadi likiwepo. Kutoka Oshodi kwenda popote, ingia kwenye jengo jipya la stendi lililofunguliwa 2019, ukaulize dirishani, badala ya kusikiliza wa barabarani kama nilivyofanya mimi. Limegawanyika sehemu tatu, na kuulizia la tatu ukiwa la kwanza ni matembezi, kwa hiyo ulizia mapema.

Na danfo ya moja kwa moja juu ya Third Mainland, ipande makusudi mara moja, mchana, ukiwa unakwenda kweli Obalende. Dirisha la kulia ukitoka bara. Simu mfukoni mpaka mmeanza kukimbia, kisha itoe upige picha ya Makoko, uirudishe.

Usiku, baada ya vituo kufungwa, usilinganishe kitu. Lala ulipo au uite gari.

Mvua ndiyo inayovunja hesabu zote hizi. Ikinyesha jioni danfo zinapandisha nauli maradufu, keke zinapotea, magari ya simu yanataka mara tatu, na mstari wa BRT unakuwa uwanja wa mieleka. Mvua ya namna hiyo ilinikuta Obalende, kule kule nilikofikishwa kwa kosa siku ile ya tatu. Nilikaa chini ya bati la muuza suya. Alinikatia nyama kwa kisu kirefu juu ya gazeti, akamwagia unga wa pilipili na karanga, vitunguu na nyanya juu, akanisukumia benchi kwa mguu. "Madam, sit down. This rain no get work tomorrow." Mvua hii kesho haina kazi ya kuwahi, itanyesha inavyotaka. Mpaka saa tatu usiku foleni ya darajani ilikuwa imepungua, bei kwenye programu ikawa imerudi karibu na ya kawaida, na gari lilinifikisha Yaba kwa dakika ishirini na mbili.